Je, wajua? Damu inayotoka kwenye jicho lililoathiriwa na kisukari hubaki na oksijeni nyingi kuliko kawaida

Kisukari huinyima retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, oksijeni. Ukishasikia hivyo, ni rahisi kudhani kwamba damu inayotoka humo imekamuliwa kabisa. Vipimo vinasema kinyume.

Oksijeni ya damu hiyo hupimwa kwa kamera, bila sindano. Kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 570 hivi, damu yenye oksijeni na iliyopungukiwa hunyonya mwanga sawasawa. Kwenye nanomita 600 iliyopungukiwa hunyonya zaidi. Picha mbili zikilinganishwa, hesabu inapatikana. Watafiti wa Iceland wamefanya kazi kubwa hapa. Kwa mtu asiye na ugonjwa, ateri za retina (mishipa inayoleta damu) husoma asilimia 92 hivi ya oksijeni inayoweza kubebwa, vena (mishipa inayoitoa) 55 hivi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotumika njiani. Retina ikishaharibiwa na kisukari, vena husoma juu zaidi, na mara nyingi hupanda kadiri ugonjwa unavyokomaa.

Chukua lori la unga linalopeleka magunia kijijini. Mvua imekata vichochoro vyote vya kufikia nyumba, imebaki barabara kuu tu. Lori linapita, linazunguka, linarudi na magunia tele. Karani wa getini akihesabu yaliyorudi ataandika kwamba unga upo wa kutosha, na hatakuwa amekosea hesabu, kakosea kijiji. Vichochoro ni kapilari, mishipa myembamba kabisa ya damu, ambazo kisukari huziziba moja baada ya nyingine, na damu hukimbilia mishipa mipana isiyogawa kitu. Kamera ndiyo karani: husoma mishipa mikubwa, haisomi nyama iliyo katikati.

Huenda kuna sababu nyingine pia. Kuta za kapilari hunenepa, himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyoshikana na sukari huing'ang'ania oksijeni kidogo zaidi, na seli zilizokufa hazitumii chochote. Picha peke yake haiwezi kusema ipi ina mchango gani. Ushahidi wa moja kwa moja kwamba ndani kuna upungufu ulitoka kwa paka waliokaa na kisukari zaidi ya miaka sita, waliopimwa kwa elektrodi, vipimio vyembamba vya umeme, ndani ya retina. Walikuwa wachache, na paka si mtu.

Retina yenye njaa hutoa protini iitwayo VEGF, inayootesha mishipa mipya, dhaifu, inayovuja damu. Tiba ya leza huchoma sehemu za pembeni za retina, na cha ajabu ni kwamba haiongezi oksijeni hata tone kwenye damu. Inaua seli zinazopokea mwanga, ambazo ni walaji wakubwa wa oksijeni (gizani hula zaidi kuliko mwangani), kisha oksijeni ya tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina hupenya kwenye makovu hadi ndani. Jaribio kubwa la Marekani la miaka ya 1970 lilionyesha kwamba leza hupunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa zaidi ya nusu. Gharama yake ni kuona hafifu pembeni na usiku.