Hapana, mapadri hawakuwapa Wahindi sarufi

"Wamisionari ndio waliowaandikia Wahindi sarufi za lugha zao." Nimeikuta tena juzi, safari hii kwenye andiko la mwanafunzi wa shahada ya pili, na hakuweka hata kijineno "labda". Nafundisha historia ya isimu. Nimechoka.

Lililo wazi tulimalize haraka. Panini, mwanasarufi wa Kihindi, aliichambua Sanskriti, lugha ya kale ya India, kwa kanuni takribani 4,000 karne kadhaa kabla ya Kristo. Kitamil, lugha ya kusini mwa India, kina Tolkappiyam, sarufi kongwe kiasi kwamba wataalamu bado wanagombania umri wake, kisha Nannul ya karne ya 13. Sitarudia.

Sasa Beschi, maana ndiye anayetupiwa kila sifa. Constanzo Beschi, padri Mkatoliki wa shirika la Wajesuti kutoka Italia, aliingia nchi ya Watamil mwanzoni mwa karne ya 18. Wenyewe wanamwita Viramamunivar na wamemsimamishia sanamu ufukweni Marina, Chennai. Anastahili. Alitunga Thembavani, utenzi wa beti 3,615 kuhusu Yosefu mume wa Maria, kwa arudhi ya Kitamil fasaha. Mwaka 1732 akatoa kamusi ya Kitamil kwa Kitamil. Kabla yake maneno yalipangwa kwenye mashairi marefu ya kukariri, hivyo kutafuta neno moja kulitaka uwe na kichwa chepesi au mwalimu karibu.

Kinachoniudhi ni ile kauli kwamba "aliunda upya alfabeti ya Kitamil". Polepole, jamani. Sarufi za kale zilishatenganisha e fupi na e ndefu, o fupi na o ndefu. Kanuni ilitaka ile fupi iwekewe nukta. Lakini watu waliandika kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mvumo, na nukta hutoboa jani, kwa hiyo waandishi wakaiacha. Matokeo yake fupi na ndefu zikafanana, na msomaji akabaki kukisia. Beschi akageuza mambo: aliiacha fupi bila alama, akaipa ndefu alama yake. Ni suluhisho zuri, na Kitamil kinaandikwa hivyo hadi leo. Ila sauti zenyewe hakuzigundua yeye. Zilikuwamo kwenye sarufi alizofundishiwa na walimu wa Kitamil.

Wapo waliodai kwamba Thembavani ni kazi ya mwalimu wake, Supradipa Kavirayar. Mimi siendi mbali hivyo. Ila mtu aliyejifunza lugha ukubwani akatunga beti zote hizo bila mwalimu kuzigusa? Nalo silimezi.

Matbaa nayo ina kisa chake. Ile ya kwanza ilishuka Goa, koloni la Wareno pwani ya magharibi ya India, mwaka 1556 ikiwa safarini kwenda Ethiopia, ikabaki hapo. Mwaka 1578 Padri Henrique Henriques akachapa huko Kollam kitabu kidogo cha mafundisho kwa herufi za Kitamil, kwa ajili ya Waparava, wavuvi wa lulu wa pwani ile. Kitamil kilikuwa kimeandikwa tangu zama za kale. Kipya kilikuwa kuchapwa. Tofauti hiyo Mswahili anapaswa kuiona upesi: mwaka 1728, Beschi akiwa hai, Pate walikuwa wanaandika Utendi wa Tambuka kwa herufi za Kiarabu, na bado kuna anayekwambia tulifundishwa kuandika na wamisionari.

Upande wa pili pia nauonea shaka. Roberto de Nobili, Mjesuti mwingine, aliyefika Madurai katika nchi ya Watamil mwaka 1606, alijifunza Sanskriti kwa Brahmani (mtu wa tabaka la juu la makuhani) aitwaye Shivadharma, akavaa kama sanyasi, yaani mtawa wa Kihindu, akajitenga na watu wa tabaka za chini ili Mabrahmani wamkubali. Roma ikamruhusu mwaka 1623. Vitabu vingi vinaliita hilo heshima kwa utamaduni. Heshima kwa utamaduni wa nani? Na Goa ndiko Thomas Stephens, Mwingereza, alikotunga Kristapurana, utenzi wa Kikristo kwa Kimarathi, lugha ya jirani, uliochapwa 1616; ndiko pia amri ya Wareno ya mwaka 1684 ilikowataka wenyeji waache Kikonkani, lugha yao, ndani ya miaka mitatu.

Mkitaka sifa isiyo na ubishi, itafuteni Ulaya, kwa sababu huko ndiko elimu ilikoingia ikiwa mpya. Mwaka 1767 Padri Coeurdoux, akiwa Pondicherry kusini mwa India, aliwaandikia wanazuoni wa Paris kwamba Sanskriti, Kigiriki na Kilatini zina asili moja, akilinganisha hata mnyambuliko wa kitenzi "kuwa". Andiko lilichapwa 1808, wakati Mwingereza William Jones alishajipatia umaarufu kwa kauli kama hiyo ya 1786. Sarufi ya kwanza ya Sanskriti kuchapwa Ulaya, ya mmisionari Paulinus, ilitoka Roma mwaka 1790 ikitegemea miswada ya Padri Hanxleden wa Kerala. Naye Hanxleden alifundishwa Sanskriti na Wanambudiri (Mabrahmani wa Kerala) wawili, Kunjan na Krishnan, ambao kwenye andiko la mwanafunzi wangu hawamo.