Je, wajua? Kwa nini ua la zambarau huchanua Lubumbashi pale ambapo miti imekufa

Ukimuuliza mtu wa Lubumbashi akuonyeshe mahali pa kupumzisha macho, atakupeleka kwenye bustani ya wanyama, au katikati ya mji wakati mijakaranda imechanua. Penga Penga hataitaja. Ni uwanda ulio upande ambao pepo za kusini-mashariki zilisukumia moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichowashwa mwaka 1911, na sehemu yake kubwa ni udongo mtupu uliogandamana. Msitu wa miombo uliokuwapo umekwisha. Hata hivyo, mvua zikikaribia kukatika, kwenye udongo huohuo huchanua mmea mfupi wa jamii ya rihani, wenye vichwa vidogo vya zambarau. Wataalamu huuita *Haumaniastrum katangense*. Jina lake la kawaida ni ua la shaba.

Kwa nini huota hapo? Jibu linalosikika zaidi ni kwamba linakula shaba. Limeonekana juu ya vilima vya shaba, basi shaba ndiyo chakula chake. Katika miaka ya 1970 na 1980 hata wanasayansi walielekea huko: walipima majani ya mimea ya Katanga, eneo la Kongo ulipo mji wa Lubumbashi, wakakuta mingine ina zaidi ya miligramu 1,000 za shaba kwa kila kilo ya majani makavu, na ua letu likaingia katika orodha ya mimea inayolimbikiza madini. Baadaye wenzao wakauliza swali ambalo mama yeyote anayeanika nguo Lubumbashi wakati wa kiangazi angeliuliza mapema: je, vumbi? Majani yalipooshwa kwa makini kabla ya kupimwa, sehemu kubwa ya shaba ile ikaondoka na maji. Ilikuwa juu ya jani, haikuwa ndani yake. Orodha ile imekuwa ikipunguzwa tangu hapo.

Ukweli ni kwamba shaba ni sumu kwa mmea huu pia, ila unaistahimili kuliko jirani zake. Kila mmea unahitaji chembe kidogo za shaba. Zikizidi, ncha za mizizi huharibika na kuacha kurefuka, chuma hakifiki vizuri kwenye majani, nayo yanageuka manjano. Udongo wa kawaida una makumi ya miligramu za shaba kwa kilo. Juu ya vilima vyenye madini kiasi hicho hupita 10,000. Moshi wa kiwanda uliongeza balaa, kwa sababu gesi yake ya salfa hutia udongo asidi, na asidi huifanya shaba iyeyuke na kuingia mizizini kwa urahisi.

Fikiria mtu aliyejenga bondeni, mahali panapofurika kila masika. Hapendi maji, ila ameinua msingi, na hakuna mwenye fedha anayekuja kumfukuza. Umhamishie mtaa mzuri mlimani, atasukumwa nje ndani ya mwaka mmoja. Ndivyo ilivyo kwa ua hili: kwenye udongo safi nyasi ndefu hulifunika, na ukungu wa ardhini huua miche yake ingali michanga. Shaba inazuia wote wawili. Wakulima wa nyanya wanaijua kazi hiyo, maana hunyunyizia mimea yao dawa yenye shaba dhidi ya ukungu.

Hapo pana tahadhari. Hoja ya ukungu inategemea zaidi majaribio ya kwenye vyungu, na chungu si uwanda. Tena baadhi ya majaribio yaliona mmea ukistawi zaidi ulipopewa shaba ya kiasi. Kwa hiyo wale wa “linakula shaba” hawajakosa kila kitu.

Waliofaidika kwa namna isiyotarajiwa ni wanaakiolojia. Wahunzi walioyeyusha shaba Katanga karne nyingi zilizopita waliacha makapi na vipande vya madini kuzunguka tanuri zao, na kiraka cha maua ya zambarau katikati ya majani ya kawaida kimewaonyesha watafiti mahali pa kuchimba.

Penga Penga utaona pia *Microchloa*, nyasi fupi ngumu zinazoota kwa vishungi kama bapa la brashi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamezijaribu hapo pamoja na chokaa na mboji, ili zishike udongo wenye sumu usipeperuke hadi majumbani.

Vilima vya shaba vya Katanga vina zaidi ya aina 600 za mimea, na baadhi hazipo kwingine duniani. *Crepidorhopalon perennis* ilijulikana mahali pamoja tu, mgodi wa Étoile, ambao wenyeji huuita Kalukuluku, karibu na mji. Mgodi huo bado unachimbwa.