Shanga Nyingi za Agarosi Haziongezi Protini
Wengi wanaonasa protini kwa kingamwili maabarani huamini kwamba kadiri shanga za agarosi (chembe ndogo za duara zinazoshika kingamwili pamoja na protini iliyonaswa) zinavyoongezwa, ndivyo protini lengwa inavyopatikana kwa wingi. Lakini kwa kawaida kikomo huwekwa na kiasi cha kingamwili na cha protini yenyewe. Shanga zinazozidi huongeza tu eneo ambalo protini zisizotakiwa hunata na kuchafua matokeo. Tena, katika mchanganyiko wa asilimia 50, yaani nusu shanga na nusu kimiminika, mikrolita 40 zina mikrolita 20 tu za shanga, nazo hutuama upesi, hivyo chupa ipinduliwe taratibu kabla ya kuchota. Anayetaka kuhakikisha apime kimiminika kinachobaki juu ya shanga: protini lengwa ikiwa imekwisha humo, kuongeza shanga hakutasaidia. Neli yenye shanga bila kingamwili, ambayo kwa bahati mbaya husahauliwa mara nyingi, itaonyesha kinachonata kwenye shanga zenyewe.