Kufuli si ushahidi wa uaminifu wa duka
Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba ukiona alama ya kufuli kando ya anwani ya duka la mtandaoni, muuzaji ni wa kuaminika. Sivyo. Kufuli huonyesha tu kwamba namba za kadi yako zinasafiri zikiwa zimesimbwa, asizisome mtu aliye njiani. Anayezipokea anaweza kuwa tapeli, maana cheti cha usimbaji, kinachowezesha alama hiyo kuonekana, hupatikana bure. Shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa vyeti hivyo tangu 2015. Mwaka 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani wa Chrome, na naona ilifanya vyema kabisa. Namba za kadi zikishamfikia muuzaji, hulindwa na PCI DSS, yaani kanuni za usalama za sekta ya kadi za malipo, zinazomkataza muuzaji kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma ya kadi malipo yakishaidhinishwa.