Moyo wa Ng'ombe na Panya Aliyenitia Aibu

Jumatatu ya kwanza ya muhula huwa nafika machinjioni Dagoretti, Nairobi, kabla jua halijachomoza, beseni mkononi, kununua mioyo ya ng'ombe. Mzee ninayenunua kwake aliniuzia miaka miwili bila kuuliza kitu. Mwaka wa tatu akashindwa kuvumilia.

"Daktari, hii mioyo yote unakula na nani?"

Nikamwambia siili, ni ya kuwafundishia wanafunzi jinsi moyo wa mtu unavyofanya kazi. Akaniangalia kidogo. "Kwani ya watu imekwisha?"

Nilicheka, lakini swali lake ndilo linalonilisha. Mimi ni mtafiti wa fiziolojia ya moyo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuamua ni mnyama gani ana haki ya kujibu swali linalomhusu binadamu. Ukikosea hapo, vipimo vyako vinaweza kuwa safi kabisa na jibu likawa la uongo.

Turudi kwenye beseni. Mioyo ya Dagoretti huja na tatizo lake: imeshachanwa. Mkaguzi wa nyama sharti aupasue moyo kutafuta vifuko vya minyoo ya tegu, kwa hiyo ukimimina maji ili kuonyesha vali, yaani vilango vya moyo, zinavyofunga, yanakutokea ubavuni. Siku hizi tunaushona kwanza. Mara ya kwanza tulitumia uzi wa magunia, na darasa zima likalowa.

Ukishaufungua, mwanafunzi haambiwi kitu, anapewa kisu tu. Ukuta wa kushoto ni mnene mara kadhaa kuliko wa kulia, kwa sababu kulia husukuma damu hadi kwenye mapafu tu, hapo jirani, na kushoto husukuma mwili mzima. Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Kisha kisu kinafika kwenye shina la aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na kukwama. Kila mwaka kuna anayedhani amegonga jiwe. Ni mfupa. Ng'ombe ana mfupa ndani ya moyo, karibu na vali, mahali ambapo mimi na wewe tuna nyuzi ngumu tu.

Huo mfupa nimeupenda zaidi tangu 2020, watafiti wa Uingereza walipoeleza kwamba wameukuta kwenye mioyo ya baadhi ya sokwe waliokuwa na makovu kwenye misuli ya moyo. Sokwe ndiye ndugu yetu wa karibu kuliko wanyama wote, lakini wanaofugwa huuawa sana na makovu hayo. Sisi tunauawa na mafuta yanayoziba mishipa inayolisha moyo wenyewe, jambo ambalo kwa sokwe ni nadra. Udugu, basi, hautoshi.

Somo hili nililipata kwa aibu nikiwa bado mwanafunzi. Nilipewa moyo wa panya uliotundikwa kwenye mrija, ukilishwa maji ya chumvi yenye joto na oksijeni. Mbinu hiyo ni ya Oscar Langendorff, Mjerumani, tangu 1895. Moyo hukaa nje ya mwili ukidunda kwa saa nzima na zaidi, kwa sababu amri ya kudunda haitoki kwenye ubongo. Inatoka kwenye kifundo kidogo cha seli katika chemba ya juu ya kulia, kilichoelezwa na Keith na Flack mwaka 1907. Aliyewahi kuchinja mbuzi Krismasi ameuona moyo ukicheza kwenye sinia, hata kama hakujua anaangalia nini.

Kazi yangu ilikuwa kuutilia uabaini. Sumu hii imo kwenye msunguti, mti unaoota sehemu nyingi za nchi hii. Waata na Wakamba walichemsha magome na vijiti vyake mpaka ikabaki lami nyeusi ya kupaka mishale, na kwa mishale hiyo Waata waliangusha ndovu. Nikatia dozi ya kitabuni, nikasubiri. Panya akadunda. Nikaongeza. Akaendelea kudunda kana kwamba nimemwekea chai. Nikaandika kwenye daftari kuwa dawa imeharibika, na nikamlaumu aliyetuuzia kwa maneno ambayo nashukuru hayakumfikia.

Dawa ilikuwa nzima. Profesa alinipa moyo wa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa asiye na mkia, na dozi ile ile. Kwanza ukakaza, ukadunda kwa nguvu nzuri ajabu. Dakika chache baadaye mapigo yakaanza kurukaruka, kisha ukatetemeka tu kama jeli na kuacha kusukuma.

Kwenye utando wa kila seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili. Uabaini huibana. Sodiamu ikijaa ndani, kalisi nayo hujaa, na kalisi ndiyo inayoamuru msuli ujikaze. Ikiongezeka kidogo, moyo dhaifu unapata nguvu. Ikizidi, mpangilio unavunjika. Pampu ya panya imetofautiana na yetu mahali pawili panapohusika, amino asidi (vijenzi vya protini) mbili tu, na hizo zinatosha kuifanya isishikike ila kwa dozi kubwa mno. Kama ningekuwa na panya peke yake, ningetangaza kuwa sumu ya ndovu haina madhara. Digoksini, binamu ya uabaini, hutolewa mpaka leo kwa wagonjwa wa moyo, na ndiyo maana daktari huangalia kipimo chake kwa jicho kali.

Tena kuna panya mwingine, mkubwa mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimuuma, mbwa ndiye anayeweza kufa. Watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, walilieleza hilo mwaka 2011. Mimi nalichukulia kama ukumbusho binafsi.

Twiga ni kinyume chake: kwake nauliza kwa nini haugui. Kichwa chake kiko zaidi ya mita 2 juu ya moyo, na kuipandisha damu mita 2 peke yake kunagharimu presha ya karibu milimita 150 za zebaki. Presha yake ni kama mara mbili ya yetu. Mtu mwenye presha ya hivyo, ukuta wa kushoto hunenepa, huingia makovu, hukakamaa, na moyo hushindwa kujaa. Wa twiga hunenepa kadiri shingo inavyorefuka na bado hufanya kazi. Mwaka 2021 watafiti wa China waliwapa panya jeni moja kwa muundo wa twiga, na panya hao wakastahimili dawa ya kupandisha presha. Habari njema, ingawa unajua sasa nikisikia "panya" nafanya nini na nyusi zangu.

Halafu kuna ugonjwa ambao wanyama wananisaidia kidogo tu: baridi yabisi ya moyo, ule unaoanza na koo la mtoto. Bakteria wake makao yao ni binadamu. Kinga ya mwili hupigana nao, kisha huzigeukia vali za moyo. Mtoto akigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, huzuia vali zisiendelee kuharibika. Akichelewa, vali hubadilishwa. Vijana wengi hupewa za kaboni na kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, maana za nyama ya mnyama kwao huchakaa haraka. Hizo za nyama, nyingine hutengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mzee ule utando. Yeye huuvua kwa kisu na kuwatupia mbwa. Akaushika, akauvuta kwa mikono miwili, haukukatika.

"Huu ndio wanamwekea mtu?"

"Huu huu."

Akaurudisha kwenye beseni langu, akaongeza shilingi 50 kwenye bei.