Kwa nini mwanafunzi mpya Marekani huambiwa angoje kabla ya kujiunga na frateniti?

Binamu yangu aliona video za wasichana wa Chuo Kikuu cha Alabama wakitoka mbio uwanjani, bahasha mkononi, wanapiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Akaniuliza: ni kweli vipo vyuo vingine hukohuko vinavyomkataza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kujiunga na hivyo vyama vya herufi za Kigiriki? Nikamjibu bila kusita. Ndiyo, nikasema, kwa sababu vijana wamekufa kwa pombe kwenye sherehe za kupokea wageni, basi vyuo vikaona viwakinge wale wachanga. Jibu lilisikika vizuri na binamu akaridhika. Kasoro yake ni kwamba nilianza kusimulia hadithi kutoka mwisho.

Kwa asiyevijua vyama hivi: frateniti ni ya wavulana, sororiti ni ya wasichana. Huwa na nyumba, ada, viapo na siri, na uanachama ni wa maisha. Phi Beta Kappa, cha kwanza kubeba jina la Kigiriki, kilizaliwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary huko Virginia, na leo kimebaki chama cha kuwaenzi waliofaulu sana. Vile vya mtindo wa kwenye filamu vilichipukia Union College, jimbo la New York, miaka ya 1820.

Kuhusu lini mgeni aruhusiwe kuingia, kila chuo kina lake. Alabama sororiti huchagua wanachama mwezi Agosti, kabla hata vipindi havijaanza, na wanaojitokeza huzidi 2,000. Vanderbilt mgeni husubiri muhula wa kwanza upite, awe na krediti, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu, na wastani wa alama unaotakiwa. Dartmouth ni hadi mwaka wa pili, na tangu 2013 mwanafunzi mpya haruhusiwi hata kuhudhuria sherehe kwenye nyumba hizo katika wiki 6 za mwanzo. Princeton ndiyo iliyokuwa kiboko. Mwaka 2011 rais wa chuo, Shirley Tilghman, alitangaza kwamba kuanzia 2012 wa mwaka wa kwanza hawatajiunga kabisa, na atakayekiuka ajiandae kusimamishwa masomo. Kumbuka kwamba Princeton wakati huo haikuzitambua frateniti wala sororiti. Chuo kilikuwa kinampigia mtu marufuku ya kuingia kwenye kitu ambacho, kwa mujibu wa karatasi zake chenyewe, hakipo.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana si langu peke yangu.

Kwanza, tarehe zinanikana. Tarehe 24 Mei 1902, wajumbe wa sororiti 7 walikutana Chicago kwa mwaliko wa sororiti ya Alpha Phi. Hawakuitwa na mkuu wa chuo chochote, na ajenda haikuwa pombe. Walikuja kuzungumzia namna walivyokuwa wakinyang'anyana wanachama. Hali ilikuwa imefika mahali ambapo wasichana waliokuwa bado shule za sekondari na za matayarisho walikwisha kuahidiwa, na wao wakaahidi, kuingia sororiti fulani. Moja ya makubaliano yao ya mwanzo ilikuwa kwamba msichana asialikwe kabla hajajiandikisha chuoni. Lisome tena hilo. Hawakusema angoje muhula upite, walisema angalau angoje awe mwanafunzi. Baraza lililotokana na kikao kile, National Panhellenic Conference, lipo mpaka leo na lina sororiti 26.

Pili, vifo vyenyewe havikai vizuri ndani ya jibu langu. Kijana aliyefariki katika chuo kikuu cha Penn State Februari 2017, baada ya usiku wa kuwapokea wanagenzi wapya, alikuwa mwaka wa pili. Amri ya kungoja mwaka mzima isingemhusu. Ni kweli kwamba misiba imewasukuma wakuu wa vyuo kuchukua hatua, na tutaiona Colorado hivi punde. Kwa hiyo nilichomwambia binamu kinaweza kueleza uamuzi wa chuo hiki au kile. Hakielezi wazo la kungoja lilitoka wapi, wala kwa nini watu wa kwanza kulitaka walikuwa vyama vyenyewe, ambavyo mtu angedhani vinapenda milango ifunguliwe mapema iwezekanavyo.

Vyama vilipenda hivyo kweli. Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo.

Chukua stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam. Tuseme basi la kutoka Morogoro linaingia na madereva wa bajaji wamejipanga getini. Abiria anashuka na mizigo yake, anaulizwa anakwenda wapi, anasikiliza bei mbili tatu, anachagua. Kuna kelele, lakini mambo yanakwenda. Siku moja dereva mmoja anajiuliza kwa nini agombanie getini. Anatangulia Kibamba, anadandia basi, anaongea na abiria wakiwa bado kwenye viti. Siku hiyo anapata wateja watatu bila kutoa jasho. Kesho yake wenzake wamejaa Kibamba, na yeye amesogea Kibaha. Wiki inayofuata wako Mlandizi. Mwezi ukiisha kuna mtu ameketi Chalinze, anapatana bei na abiria aliyeamshwa usingizini, ambaye hata hajaamua kama atashukia Mbezi au atapitiliza hadi Kimara kwa shangazi yake.

Angalia walichopoteza. Dereva hajui mzigo wa abiria ni kikapu au godoro. Abiria amekubali bei kabla ya kusikia nyingine yoyote. Wote wawili wangekuwa na hali nzuri zaidi getini, na wote wawili wanalijua hilo. Lakini dereva atakayejirudisha Mbezi peke yake kwa uungwana wake atakuta kila anayeshuka ana mwenyewe. Hakuna mwovu katika kisa hiki. Kila mmoja amesogea hatua moja tu, na kwa sababu ya maana.

Wachumi huliita tatizo hili kufumuka kwa soko, kama mshono unavyofumuka uzi mmoja baada ya mwingine. Hapo mwanzo vyama vya Kigiriki vilichagua wanafunzi wa miaka ya juu, watu ambao tabia na akili zao zilikwisha kujulikana. Ushindani ukawateremsha mwaka hadi mwaka, mpaka wakafika kwa aliyeshuka treni jana, na kisha kwa yule ambaye hajapanda hata hiyo treni. Msimu wa kutafuta wanachama huitwa rashi, yaani kukimbilia, na inasimuliwa kwamba jina lilitokana na wanachama kuwakimbilia wageni stesheni. Asili za maneno zinazopendeza hivi huwa nazitilia shaka, ila hii inafanana mno na wapigadebe wetu, sikuweza kuiacha.

Kwa hiyo amri ya kungoja ilianza kama kamba iliyofungwa getini na madereva wenyewe: hakuna kuvuka mpaka basi lisimame. Ilikuwa mapatano ya kusitisha vita baina ya washindani wasioaminiana, na ulezi wa vijana ulikuja kupachikwa juu yake baadaye.

Ila kamba peke yake haitoshi, na hospitali za Marekani zinalithibitisha hilo. Kufikia miaka ya 1940 zilikuwa zikiwachukua madaktari wanafunzi takribani miaka miwili kabla hawajahitimu. Vyuo vya udaktari vikaweka tarehe ambayo kabla yake taarifa za mwanafunzi hazitolewi. Kufumuka kukakoma, ukazuka ugomvi mwingine: hospitali zikawa zinatoa nafasi na kudai jibu upesi, siku zikageuka saa, mwanafunzi hana hata nafasi ya kusikia hospitali ya pili inasemaje. Dawa iliyopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa orodha. Kila daktari anapanga hospitali kwa anavyozipenda, kila hospitali inapanga madaktari, na ofisi moja inawaoanisha wote kwa siku moja.

Sororiti zilikuwa zimeshafika huko. Tangu 1928 zilikuwa na mfumo wao wa orodha mbili. Baada ya siku kadhaa za kutembelea nyumba, msichana anaandika anazozitaka kwa mpangilio, sororiti nazo zinaandika wanaowataka, majina yanaoanishwa, bahasha zenye majibu zinatoka. Aliyezoea mambo ya KUCCPS, ofisi inayowapangia wanafunzi vyuo nchini Kenya, ataliona hili kama ndugu wa kuchagua kozi, isipokuwa hapa kozi nayo ina macho na inakuchagua wewe. Aliyetia sahihi akapangiwa mahali kisha akapakataa, haruhusiwi kuingia sororiti nyingine ya baraza hilo chuoni hapo kwa mwaka mzima. Susan Mongell na Alvin Roth waliuchunguza mfumo huo katika makala ya mwaka 1991, wakagundua kwamba wasichana wengi huandika jina moja tu na kuacha nafasi nyingine wazi, kamari ambayo kwa njia ya ajabu ndiyo inayoufanya mfumo usivunjike. Roth alikuja kushinda Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi zao juu ya kuoanisha pande mbili za aina hii. Napenda kufikiri kwamba bahasha za sororiti zilichangia kidogo.

Je, chuo kikiichukua ile kamba na kuishika chenyewe? Mambo hubadilika, kwa sababu sasa anayesogeza tarehe si mshindani, na wanaozuiwa hawakukubaliana. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alifariki Septemba 2004 baada ya usiku wa pombe wa frateniti. Mwaka uliofuata chuo kikataka frateniti zitie sahihi mkataba, pamoja na mambo mengine uchukuaji wa wanachama usogezwe muhula wa pili na kila nyumba iwe na mtu mzima anayeishi humo. Zilikataa. Zikajiondoa chini ya chuo na kuendelea ng'ambo ya barabara, kwa baraza lao wenyewe. Duke nayo ilipoamua kusogeza zoezi hadi mwaka wa pili, frateniti 9 zilijitoa mwaka 2021 na kuunda baraza linalobeba jina la mji, Durham, badala ya jina la chuo. Madereva wameshusha bajaji nje ya geti, na abiria bado anapita hapohapo.

Sababu ya ukaidi huo si falsafa tupu. Nyumba ina vitanda vinavyotakiwa kulipiwa, na aliyeingia mwaka wa kwanza hulipa ada muda mrefu kuliko aliyeingia wa pili. Baraza kuu la frateniti, lililoundwa 1909, hupinga ucheleweshaji waziwazi, likisema mtu mzima ana haki ya kuamua ashirikiane na nani na lini. Hoja hiyo ina uzito zaidi katika vyuo vya serikali, vinavyobanwa na katiba, kuliko Princeton au Duke ambavyo ni vya binafsi.

Kama kungoja kunasaidia masomo, ushahidi ni mwembamba na unatoka kwa mlango wa pembeni. Wachumi William Even na Austin Smith walitumia sharti la alama la kuingilia: waliwalinganisha waliolivuka kwa nukta chache na waliolikosa kwa nukta chache. Waliojiunga alama zao zilishuka kidogo, na hawakuona kwamba mshahara wa baadaye ulipanda kufidia. Hilo linatuambia kitu kuhusu kujiunga, si kuhusu tarehe ya kujiunga. Faida moja ya kungoja haihitaji mchumi, nayo ni kwamba sharti la alama za chuo haliwezekani mpaka muhula wa kwanza uishe na alama zipatikane.

Halafu kuna upande ambao mbio hizi hazikuwahi kuuteka. Vyama 9 vya Wamarekani weusi, ambavyo baraza lao lilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930, kwa kawaida hutaka mwombaji awe na krediti kadhaa mkononi, kwa hiyo mgeni wa muhula wa kwanza hana pa kuanzia. Wao hawakuepuka unyanyasaji wa wanagenzi, na mwaka 1990 walifuta rasmi kipindi chote cha uanagenzi bila kuumaliza. Lakini haraka hawana, kwa sababu wana matawi ya waliokwisha kuhitimu na mtu anaweza kuingia akiwa na kazi na watoto. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha, sororiti mojawapo ya hivyo 9, mwaka 1986, mwaka aliohitimu Howard. Martin Luther King aliingia Alpha Phi Alpha, frateniti mojawapo ya hivyohivyo, mwaka 1952, akiwa na miaka 23 na anasomea udaktari wa falsafa huko Boston.

Kwa hiyo wasichana wawili wanaweza kupangiwa chumba kimoja huko Alabama, na mwezi Agosti huohuo mmoja akawa anakimbia kutoka uwanjani na bahasha yake, na mwenzake, anayetaka Alpha Kappa Alpha, hajafikia hata kuruhusiwa kuomba.