Flashi Iliyolala Kwenye Droo

Watu hutuletea flashi zilizofungiwa kwenye droo miaka mingi. Ndani mna picha za harusi, au sauti ya bibi ambaye sasa ni marehemu, na kompyuta haisomi kitu. “Lakini sijaigusa kabisa!” hulalamika mwenye nayo. Mara nyingine kutokuguswa huko ndiko kulikoiponza.

Kompyuta haijui picha wala herufi. Inajua hali mbili tu, tunazoziandika 0 na 1. Herufi J ya neno “Jambo”, kwa mfano, ni 01001010. Kinachoamua data itadumu muda gani ni kitu kilichobeba hali hizo. Katika RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni chaji ndogo inayovuja upesi, hivyo huandikwa upya takriban kila milisekunde 64. Umeme ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imepotea. Diski kuu hutumia sumaku, nayo hubaki hata umeme ukizimwa.

Flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, hunasa elektroni ndani ya vijichumba vilivyozungushiwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kihami hicho ni chembamba mno. Kila ukifuta na kuandika kinachakaa, na elektroni hutoroka kidogo kidogo, hasa penye joto. Chipu nyingi za leo hubana biti tatu (biti ni 0 au 1 moja) katika kijichumba kimoja, maana yake viwango vinane vya chaji vinavyopaswa kutofautishwa. Chaji ikipungua kidogo tu, kiwango kimoja husomeka kama kingine.

Kwa diski za SSD za matumizi ya kawaida, ambazo nazo hutumia chipu za flashi, kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kinadai kwamba hata ikishaandikwa hadi kikomo chake, itunze data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi joto 30. Mpya hudumu zaidi ya hapo. Lakini chumba chenye paa la bati, Dar es Salaam mwezi wa Februari, kinapita nyuzi 30 kwa urahisi.

Kwa hiyo flashi itumike kusafirishia faili. Kumbukumbu za familia ziwe na nakala mbili au tatu, mojawapo kwenye diski kuu na nyingine nje ya nyumba hiyo. Zifunguliwe kila mwaka, zikinakiliwa upya kila baada ya miaka michache. Kuichomeka flashi na kuichomoa hakurudishi chaji iliyovuja.

Na ikigoma kusomeka, kompyuta ikakuomba uifomati, kataa. Ichomoe, usiandike chochote juu yake, umpelekee fundi wa kuokoa data.